Kunde za Kemptthal

Mwaka 1877 wanaume wa Uswisi walipiga kura na kuikubali, kwa tofauti ndogo, sheria mpya ya viwanda. Nasema wanaume kwa sababu wanawake wa nchi hiyo hawakuruhusiwa kupiga kura za taifa hadi 1971. Sheria ilishusha kazi ya kiwandani hadi saa 11 kwa siku, ikakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, ikawapa waliojifungua wiki kadhaa za kukaa nyumbani. Ndani yake kulikuwa na kifungu kingine ambacho wengi hukipita haraka: mwanamke mwenye nyumba ya kuangalia aachiwe nusu saa kabla ya mapumziko ya mchana, iwapo mapumziko yenyewe hayafiki saa moja na nusu.

Nusu saa hiyo ilikuwa ya kupika. Waliotunga sheria walijua kwamba kengele ya saa sita ikilia, wako wanaokwenda kula na wako wanaokwenda kuwasha moto.

Basi mama anatoka kiwandani, anatembea hadi nyumbani, anachochea makaa yaliyobaki asubuhi, anaongeza kuni, anateleka maji. Viazi vikikatwa vidogo vitaiva. Kahawa iliyochanganywa na mizizi ya chikori itachemka. Mkate upo, kama pesa ipo. Maharage hayawezekani. Maharage makavu yanataka kulowekwa usiku kucha, kisha yakae motoni saa mbili au zaidi, na kuni zinanunuliwa. Kwa hiyo watu walikula viazi na kahawa mchana, jioni wakala viazi na kahawa tena, na wanaume wengi wakajazia kwa pombe kali iliyotengenezwa kwa viazi hivyo hivyo.

Aliyeyaona hayo na kuyaandika alikuwa daktari, Fridolin Schuler. Aliganga watu katika kijiji cha Mollis, jimbo la Glarus, bonde jembamba la milimani lililojaa viwanda vya kusokota pamba na kuchapa vitambaa. Glarus ilikuwa imetangulia nchi nzima. Mwaka 1864 wananchi wake, wakiwa wamekusanyika uwanjani na kunyoosha mikono kama ilivyo desturi yao, walipitisha sheria ya kuzuia kazi isizidi saa 12 kwa siku. Schuler alikuwa miongoni mwa walioipigania. Sheria ya taifa ilipopita, serikali ilimteua kuwa mmoja wa wakaguzi watatu wa kwanza wa viwanda wa nchi nzima. Akaanza kuzunguka kiwanda hadi kiwanda, akipima hewa ya vyumba na kuhesabu waliokatwa vidole na mashine. Na kwa kuwa alikuwa daktari, aliwauliza watu walikula nini.

Mwaka 1882 alizungumza mbele ya jumuiya ya ustawi wa jamii ya Uswisi, chama cha wachungaji, walimu, madaktari na matajiri wenye moyo wa kusaidia. Alisema kwamba watu wa viwandani wanakula vibaya, na kwamba sababu haiishii kwenye mshahara mdogo. Mama hana muda. Akishika kazi kuanzia alfajiri hadi magharibi, chakula chema kinachohitaji saa tatu za moto ni chakula asichoweza kuwapa watoto wake hata kama kinauzwa rahisi. Nyama ilikuwa ghali. Maziwa mengi ya milimani yaligeuzwa jibini ya kuuzwa nje. Kilichobaki, kwa hesabu yake ya udaktari, kilikuwa mazao ya jamii ya kunde: njegere, dengu, maharage. Yana protini nyingi, hayaozi haraka, bei yake ni ya mtu wa chini. Kasoro yake ni kuchelewa kuiva. Atafutwe mtu wa kuiondoa kasoro hiyo.

Nimesoma historia nyingi za chakula cha haraka zinazoanza na uvivu, kana kwamba watu waliamka siku moja wakachoka kupika. Kumbukumbu za Glarus zinasema vingine. Jambo lilianza na daktari aliyetaka muda wa mwanamke uhesabiwe.

Majeshi, kwa kweli, yalikuwa yamefika mapema. Mwaka 1810 serikali ya Napoleon ilimlipa mpishi Nicolas Appert faranga 12,000 kwa ugunduzi wake wa kuhifadhi chakula ndani ya vyombo vya kioo vilivyofungwa na kuchemshwa. Mwaka 1867 mpishi wa Berlin, Johann Heinrich Grüneberg, alichanganya unga wa njegere, mafuta ya nguruwe na vitunguu, akaushindilia kama soseji. Askari alikata kipande, akakivuruga katika maji ya moto, akapata supu nzito. Jeshi la Prussia lilinunua siri yake, likaenda nayo vitani Ufaransa mwaka 1870. Kampuni ya Knorr ya Heilbronn iliichukua bidhaa hiyo mwaka 1889, nayo ikaendelea kuuzwa hadi mwisho wa 2018. Kwa hiyo ufundi wa kuifanya njegere iive haraka ulikuwepo. Ulitengenezwa kwa ajili ya mwanajeshi, na aliyekaa jikoni hakufikiriwa.

Kulikuwa pia na Justus von Liebig, mkemia mkubwa wa Ujerumani, aliyeeleza mwaka 1847 namna ya kuchemsha nyama hadi maji yake yabaki kama lami nyeusi nzito. Kilo moja ya lami hiyo ilihitaji kilo 30 hivi za nyama, kwa hiyo Ulaya haikuweza kuimudu. Mhandisi George Giebert aliona kwamba huko Uruguay ng'ombe walichinjwa kwa ajili ya ngozi na nyama nyingi ikatupwa. Akamwandikia Liebig mwaka 1862. Mwaka 1865 kampuni ikasajiliwa London, na kiwanda cha Fray Bentos, ukingoni mwa mto Uruguay, kikaanza kujaza makopo. Lami ya Liebig ilitangazwa kuwa nguvu yote ya ng'ombe ndani ya kijiko. Wakemia wengine walipoipima waliona kwamba protini na mafuta vilibaki kwenye nyama iliyotupwa, na kilichoingia koponi kilikuwa hasa chumvichumvi na ladha. Liebig mwenyewe alilazimika kupunguza maneno yake. Wanunuzi hawakujali. Ladha ile ilikuwa tamu, ikatosha.

Mtu aliyeitikia wito wa Schuler alikuwa msaga nafaka. Julius Maggi, aliyezaliwa 1846, alikuwa mtoto wa Mwitaliano aliyehamia Uswisi na kununua vinu. Mwaka 1869 alikabidhiwa kinu cha Kemptthal, kwenye kijito cha Kempt kati ya Zurich na Winterthur. Biashara ilikuwa ikienda chini. Reli zilileta unga rahisi kutoka nje, vinu vikubwa vya rola vilisaga kwa siku moja kile ambacho kinu cha maji kilisaga kwa wiki, na wasagaji wadogo wa Uswisi walikuwa wakifunga mmoja baada ya mwingine. Maggi alihitaji kitu cha kusaga ambacho wengine hawakusaga, na hitaji lake likakutana na wazo la daktari.

Alihangaika na kunde kwa takriban miaka miwili. Kusaga peke yake hakutoshi. Unga wa maharage mabichi ukitiwa kwenye maji ya moto hufanya mabonge, huacha harufu ya shamba, na bado unataka muda mrefu jikoni. Punje inabidi ipitishwe kwenye moto kwanza, ikaushwe, ndipo isagwe laini kabisa, ili wanga wake uwe umeshaguswa na joto kabla haujafika kwa mpishi. Hapo ndipo maji ya moto na dakika chache humaliza kazi. Saa mbili za moto hazijafutwa. Zimehamishiwa kiwandani, ambako jiko moja kubwa linapikia maelfu. Akiba ya muda na kuni imetoka hapo.

Mwaka 1884 unga wa kunde wa Maggi ulitoka, na ile jumuiya ya ustawi ikakubali kuupendekeza kwa watu. Ulikuwa na protini, ulikuwa wa haraka, ulikuwa rahisi kuliko nyama. Na wafanyakazi hawakuununua vya kutosha.

Hapa ningependa kukaa kidogo, maana ndipo historia yote ilipopinda. Unga ulikuwa rahisi kuliko nyama, lakini mshindani wake sufuriani hakuwa nyama. Alikuwa kiazi, na kiazi kilikuwa rahisi zaidi. Halafu supu ile ilikuwa chapwa. Mtu aliyekula viazi siku sita ana haki ya kutaka kitu kinachouamsha ulimi siku ya saba. Waungwana wa jumuiya walipima protini, wakasahau kwamba maskini naye anaonja. Walioanza kununua kwa hamu walikuwa watu wa kipato cha kati wa mjini, ambao hawakuwa na njaa iliyomsumbua Schuler.

Maggi alilielewa somo hilo upesi. Mwaka 1886 alitoa supu zilizochanganywa tayari pamoja na mchuzi mweusi wa kutia ladha, ndani ya chupa ndogo ya kahawia yenye lebo ya njano na nyekundu. Chupa hiyo aliichora mwenyewe, na umbo lake halijabadilika sana hadi leo. Kwa njia iliyokuja kutumika kwa michuzi ya aina hii, protini ya mimea, kama ile inayobaki ngano ikioshwa wanga, huchemshwa kwa muda mrefu pamoja na asidi ya hidrokloriki. Asidi huikatakata protini vipande vidogo, na baadhi ya vipande hivyo ndivyo ulimi huvitambua kama ladha ya nyama iliyoiva. Kisha asidi hutulizwa kwa magadi, na viwili hivyo vikikutana huzaa chumvi ya kawaida ya mezani. Ndiyo maana mchuzi huo ni wa chumvi kali tangu unapozaliwa. Matone machache kwenye maji ya viazi, na mtu anaapa kwamba kuna mfupa umepita humo.

Ili kuuza, Maggi alimwajiri kijana mmoja aitwaye Frank Wedekind, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa tamthilia za Kijerumani. Mwaka 1886 na 1887 Wedekind aliandika matangazo ya supu kwa hadithi fupi na mashairi. Si ajabu mauzo yalipanda. Kiwanda cha Kemptthal kikakua kuwa mji mdogo wenye nyumba za wafanyakazi na mgahawa wao wa chakula cha mchana. Kwa hilo Maggi anastahili heshima yake: wafanyakazi wake walipata chakula cha moto ambacho hawakulazimika kukimbilia nyumbani kukipika.

Kisha ukaja mchemraba. Mwaka 1908 Maggi, aliyekuwa amehamia Paris na kujenga biashara kubwa ya maziwa, alitoa kipande cha supu kilichokandamizwa, akakiita Kub. Kipande kimoja, maji ya moto, supu. Bei ilikuwa senti chache, na neno KUB likabandikwa kwenye kuta za Ufaransa yote, kiasi kwamba Pablo Picasso alilichora mwaka 1912 ndani ya mandhari ya mji wa Sorgues. Mwaka huo huo Maggi alifariki. Kampuni ya Liebig nayo ilikuwa imetoa mchemraba wake, Oxo, mwaka 1910, ukiuzwa peni moja Uingereza. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia michemraba ya Oxo milioni 100 hivi ilipelekwa kwa wanajeshi.

Vita hivyo viliikuta Maggi pabaya. Kampuni ilikuwa ya Uswisi, lakini ilikuwa na kiwanda kikubwa Singen, upande wa Ujerumani. Kwa miaka kadhaa gazeti la Action Française, kupitia Léon Daudet, lilikuwa likidai kwamba maduka ya maziwa ya Maggi ni mtandao wa majasusi. Agosti 1914, Ufaransa ikiingia vitani, uvumi ulienea kwamba mabango ya Kub kando ya reli yameficha alama za kuwaongoza Wajerumani. Serikali ikaagiza mabango yang'olewe, hasa karibu na madaraja na njia kuu, na umati ukavunja maduka ya maziwa ya Paris. Supu ya senti chache ilikuwa imegeuzwa silaha kwa woga wa watu.

Mwaka ule ule wa Kub, upande wa pili wa dunia, profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo aliuliza swali dogo: ladha ile ya mchuzi wa mwani wa kombu inatoka wapi? Alichemsha mwani mwingi hadi akapata fuwele za glutamate. Mwaka 1909 fuwele hizo zikaanza kuuzwa kwa jina la Ajinomoto. Maggi na Liebig walikuwa wameuza ladha hiyo kwa miongo kadhaa. Ikeda ndiye aliyeonyesha ni kitu gani hasa.

Maggi iliungana na Nestlé mwaka 1947, na katika nusu ya pili ya karne michemraba ikaingia Afrika kwa kishindo. Huko Senegal iliingia kwenye chungu cha wali na samaki, Nigeria kwenye supu za majani na wali wa nyanya. Hata nje ya Afrika, huko Omani na Ghuba, iko kwenye sufuria ya wali wa nyama. Kenya na Tanzania jina linalotajwa zaidi ni Royco, hasa ule unga wa mchuzi mix, ambao mpishi huukoroga na maji kwenye kikombe na kuumimina nyama ikikaribia kuiva, mchuzi unene na upate rangi. Maduka ya mtaani huuza kipande kimoja kimoja, na mteja mwenye shilingi chache haondoki mikono mitupu.

Sijiungi na wanaomsimanga mwanamke anayetia Royco. Mtu aliyeshuka kwenye matatu au daladala saa mbili usiku, watoto wanasubiri, makaa ni ya kubahatisha, hana muda wa kukaanga vitunguu hadi viwe kahawia na kutwanga binzari. Akipata ladha kwa kipande kimoja, kapata haki yake. Ninacholalamikia ni kingine. Katika michemraba mingi nusu ya uzito au zaidi ni chumvi. Kipande cha gramu 4 kinaweza kuwa na gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 kwa siku nzima, mkate na kila kitu kikiwemo. Mpishi anayetia vipande viwili kisha akaongeza chumvi ya kijiko kwa mazoea anaipandisha presha ya nyumba nzima bila kujua. Nchi kadhaa za Afrika Magharibi zimeona kwamba kama kipande hiki kinafika kila jikoni basi kibebe na madini ya joto na ya chuma, na hilo ni jema. Lakini bado hakibebi protini. Schuler aliomba kunde, akapewa chumvi yenye harufu ya nyama.

Ukitaka kuona alichoomba, nenda Kibera au Kawangware, mitaa ya Nairobi, jioni. Kuna mama amekaa kando ya njia na sufuria kubwa ya maharage yaliyochemshwa, na pengine nyingine ya githeri. Aliyaloweka jana, akayateleka asubuhi, na moto wake mmoja umezitosha nyumba nyingi. Mteja anakuja na bakuli lake, anapimiwa kwa kikombe, analipa, anakwenda kuyaunga na kitunguu na nyanya dakika kumi. Kando yake mwenzake amekunja majani ya sukuma wiki kama msokoto na anayakata membamba kwa kisu kilichochakaa katikati, upesi kiasi kwamba huoni kidole kinavyorudi nyuma. Mnunuzi ameokoa muda, ameokoa makaa, na watoto watakula maharage yenyewe. Kazi ya kinu cha Kemptthal inafanywa hapo, bila maabara wala matangazo ya washairi.

Wataalamu wamelifikia wazo hilo nao. Katika miaka ya 2010 watafiti wa taasisi za kilimo za Kenya na Uganda, KALRO na NARO, walishughulikia maharage yaliyopikwa kisha kukaushwa, ambayo mpishi huyachemsha kwa robo saa hivi badala ya saa mbili au tatu. Walichagua aina za mbegu zinazofaa na kuwahusisha wakulima wa kuzilima. Nawatakia mafanikio, lakini waikumbuke 1884: pakiti yao itawekwa kwenye rafu, na mnunuzi atailinganisha na kikombe cha yule mama, ambacho hakina gharama ya karatasi, ya lori wala ya kodi ya duka.

Ndiyo maana naona msaada wa kwanza ungemwendea yeye. Anahitaji bomba la maji lililo karibu, maana kuloweka na kuosha maharage kunakula madumu mengi. Anahitaji sehemu yenye paa ili mvua isimfungie biashara, jiko linalotumia makaa machache, na leseni ambayo bei yake haimezi mauzo ya wiki. Halmashauri na kaunti zinazotenga pesa za lishe zinaweza kuyafanya haya yote bila kusubiri kiwanda.